Nimeitwa kwenye jaribio la steroidi ya umio, nahofia kuangukia plasebo. Wenye uzoefu karibuni

Mla_Polepole (mwanzisha uzi)

Wakuu habari zenu.

Nina ugonjwa wa umio (bomba la kushushia chakula tumboni) unaoitwa esofagitisi ya eosinofili. Kwa wasioujua, eosinofili ni chembe za kinga, zilezile zinazopanda mtu akiwa na aleji au minyoo. Kwenye ukuta wa umio hazitakiwi kuwepo kabisa, ila kwangu zimejaa. Umio unavimba, unakakamaa, na chakula kikifika katikati ya kifua kinagoma. Nyama ndiyo adui mkubwa, mkate unafuata. Kuna siku inabidi niinuke mezani kimya kimya niende chooni kusubiri tonge lishuke au lipande.

Nilipigwa endoskopi (mpira wenye kamera unaopitishwa kooni) wakachukua vinyama vya kupima, juu na chini ya umio, majibu yakaja eosinofili zaidi ya 15 kwa eneo moja la darubini, na hapo ndipo ugonjwa unapopewa jina. Nikaanzishiwa dawa za kupunguza asidi. Endoskopi ya pili, hali ileile.

Sasa daktari ameniambia kuna jaribio la steroidi ya kumeza (dawa ya kutuliza uvimbe) na ninafaa kuingia. Fomu ya ridhaa nimeisoma mpaka macho yameuma. Kinachonikwaza ni kwamba sehemu ya washiriki watapewa dawa bandia, yaani plasebo, na hata daktari mwenyewe hatajua nani kapewa nini. Yaani niache dawa zangu, nipitishwe mpira kooni tena, halafu niwe nimemeza unga usio na kitu wiki zote hizo? Na upande wa pili, neno steroidi lenyewe linanitisha. Nina ndugu alitumia prednisoloni akavimba uso hadi akawa hatambuliki.

Naomba ushauri, nani amepita huko?

---

Kiraka

Usikubali kugeuzwa panya wa maabara mkuu. Steroidi ni steroidi tu, waibandike jina lolote.

---

Nesi_wa_Kamera

Pole sana Mla_Polepole. Nimekaa chumba cha endoskopi miaka mingi, wagonjwa wa namna yako nawajua: wanaume wengi kuliko wanawake, nusu yao wana pumu au mafua ya aleji, na karibu wote wanaingia wakisema "mimi nakula polepole tu, ndivyo nilivyo".

Kiraka, hapana, steroidi si zote sawa. Prednisoloni ya vidonge inaingia kwenye damu na kutembea mwili mzima, ndiyo maana ndugu wa mwenzetu alivimba. Kwenye umio wanajaribu budesonidi au flutikasoni, dawa zilezile za kwenye pampu za pumu. Hizi zinafanya kazi pale zinapogusa. Kinachomezwa kikafika kwenye ini, sehemu kubwa inavunjwa huko huko kabla haijazunguka mwilini. Mwaka 2008 watoto 80 walilinganishwa, kundi moja prednisoni (ndugu wa prednisoloni) na jingine flutikasoni ya kumeza. Mwisho wa matibabu, kwenye vinyama prednisoni ilisafisha zaidi, lakini kwenye dalili hakuna dawa iliyomshinda mwenzake. Ila waliokuwa kwenye prednisoni, asilimia 40 walipata madhara ya mwili mzima. Wale wa flutikasoni shida yao ilikuwa fangasi kwenye umio, asilimia 15, na fangasi wana dawa yao.

Kingine ambacho wengi hawakijui: kwa miaka mingi hapakuwa na dawa hata moja iliyotengenezwa kwa ajili ya umio. Ugonjwa wenyewe ulianza kuelezwa kama ugonjwa unaojitegemea miaka ya 1993 na 1994, kabla ya hapo wengi waliambiwa ni asidi. Madaktari wakawa wanaazima pampu ya pumu na kumwambia mgonjwa ajipulizie mdomoni, asivute, ameze. Jaribu uone. Mtu aliyezoea pampu ya pumu, kifua kinavuta chenyewe kabla hajafikiria. Inabidi ubane pumzi, upulize, ufunge mdomo, umeze ile ladha chungu pamoja na mate, kisha nusu saa usile wala usinywe ili dawa isisombwe. Nimeona watu wazima wanatolewa machozi na kitu hicho.

Wengine wakachukua budesonidi ya maji, ile ya mashine ya mvuke, wakaichanganya na unga wa kuongeza utamu mpaka ikawa uji mzito. Mwaka 2012 uji huo ulilinganishwa na budesonidi ya kuvutwa kwa mvuke halafu kumezwa. Walipiga picha za nyuklia kuona dawa inakaa wapi. Ule mzito uligusa ukuta wa umio muda mrefu zaidi, na eosinofili zikashuka zaidi kwa waliopewa huo. Kwa hiyo majaribio haya hayapimi steroidi peke yake, yanapima pia namna ya kuifanya ishikamane na umio. Fomu yako inasema ni ya aina gani? Kidonge, maji mazito, au nini?

---

Mla_Polepole

Asante dada. Ni kidonge cha kuyeyukia mdomoni.

---

Nesi_wa_Kamera

Basi ni jamii ya kile kilichoidhinishwa Ulaya Januari 2018 kwa watu wazima. Unakiweka juu ya ulimi, kinatoa povu, unameza mate kidogo kidogo mpaka kiishe. Maji hapana. Marekani walichelewa. Ile ya maji mazito ilikataliwa mara ya kwanza mwishoni mwa 2021, ikaja kuidhinishwa Februari 2024 kwa wenye miaka 11 na kuendelea, na kwa wiki 12 tu.

---

Mzee_wa_Takwimu

Ngoja niingie kwenye plasebo, maana hapo ndipo penye mzizi wa swali la mleta uzi.

Katika ugonjwa huu plasebo ina tabia ya ajabu. Chukua jaribio kubwa la budesonidi ya maji mazito, watu 318, wiki 12, matokeo yametoka 2022. Walipima vitu viwili kwa pamoja. Cha kwanza, eosinofili kushuka hadi 6 au chini ya hapo kwa eneo la darubini. Waliopewa dawa waliofika hapo ni asilimia 53.1, waliopewa plasebo asilimia 1.0. Cha pili, dalili kupungua kwa angalau asilimia 30. Dawa 52.6, plasebo 39.1.

Soma hizo namba tena polepole. Plasebo haikuigusa nyama ya umio hata kidogo, lakini karibu watu wanne kati ya kumi walisema wanameza vizuri zaidi. Na si mara ya kwanza. Mwaka 2012 flutikasoni ilijaribiwa kwa watu wazima 42. Kwenye vinyama dawa ilipata asilimia 62 na plasebo sifuri. Kwenye kumeza, dawa asilimia 57 na plasebo 33, na tofauti hiyo kitakwimu haikutosha kusema dawa imeshinda.

Sasa ondoa plasebo kwenye majaribio hayo. Ungebaki na taarifa kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa walisema wamepata nafuu, ungepiga makofi, na usingejua ni kiasi gani kimeletwa na dawa na kiasi gani kimeletwa na mtu kuangaliwa, kuandika kila siku alichokula, na kutafuna kwa uangalifu kwa sababu yumo kwenye jaribio.

---

Kiraka

Haya tuseme nimekuelewa. 52.6 toa 39.1 inabaki 13.5. Nipitishwe mpira mara mbili kwa ajili ya asilimia 13? Hiyo dawa gani sasa?

---

Mzee_wa_Takwimu

Swali zuri Kiraka, na hata mamlaka za dawa huuliza hivyo hivyo.

Jibu moja liko kwenye namna dalili zinavyopimwa. Kwenye jaribio lile unajaza shajara kila jioni. Inakuuliza kama leo umekula chakula kigumu. Ukijibu ndiyo, inauliza kama kilishuka taratibu au kilikwama. Ukijibu ndiyo tena, inauliza ulifanya nini: hukufanya kitu, ulikunywa maji, ulikohoa, ulitapika, ulikimbilia hospitali? Sasa mfikirie mtu ambaye ameishi na ugonjwa huu miaka kumi. Nyama alishaiacha. Mkate anauloweka. Kila tonge na funda la maji, anamaliza kula wenzake wameshaosha vyombo. Huyo jioni anaandika "hapana, hakikukwama", na anasema kweli. Alama zake zinaanzia chini, zitashuka kwenda wapi?

Jibu jingine ni makovu. Steroidi inaondoa uvimbe, lakini umio uliokwisha kubana kwa kovu haufunguki ndani ya wiki 12. Utafiti wa 2013 wa wagonjwa 200 ulionyesha kwamba waliochelewa kugunduliwa kwa miaka isiyozidi 2, asilimia 17 walikuwa na sehemu zilizobana. Waliochelewa zaidi ya miaka 20, asilimia 71. Mtu wa kundi la pili unaweza kumsafisha eosinofili zote na nyama bado ikamkwama, kwa sababu njia yenyewe ni nyembamba.

Na kinyume chake kipo. Mtu akitanuliwa umio anakula vizuri kwa miezi kadhaa, na ukimchukua kinyama unakuta eosinofili zimejaa kama zamani. Ndiyo maana nasema kwenye ugonjwa huu kumeza na kinyama ni mashahidi wawili, na mara nyingi hawakubaliani. Hicho kidonge cha Ulaya kwenye jaribio lake la wiki 6, watu 88, vinyama vilisafika kwa asilimia 93 ya waliopewa dawa. Lakini walipodai vinyama visafike NA dalili ziishe kwa mtu huyo huyo, ikabaki asilimia 57.6. Plasebo sifuri kote kuwili. Waliopewa dawa wakiongezewa wiki 6, wakafika karibu asilimia 85. Maana yake kwa wengi nafuu ya kumeza ilikuja nyuma ya kinyama.

Kwa hiyo mleta uzi, mpira wa pili usiukatae hata ukijisikia umepona. Hasa ukijisikia umepona.

---

Mama_Pacha

Nimefuatilia uzi huu kimya kimya, ngoja niseme kidogo kuhusu watoto.

Mtoto hasemi "chakula kinakwama". Wangu alikuwa anatapika, anaficha chakula shavuni, anakataa nyama, na sisi tunamwita mdekaji. Baada ya vipimo aliwekwa kwenye ule uji wa budesonidi. Nilikuwa naukoroga mwenyewe kila usiku baada ya kumswakisha, anaulamba kwa kijiko, halafu vita vya kumzuia asiombe maji. Kwa watoto uji huo ulishajaribiwa na plasebo, matokeo ya 2010: 13 kati ya 15 waliopewa dawa vinyama vilisafika, wa plasebo 9 hakuna hata mmoja. Ni kundi dogo, lakini 13 kwa sifuri haihitaji darasa.

Ninachotaka wazazi mjue ni kwamba daktari mzuri atampima urefu mtoto kila mara na atauliza kuhusu tezi za adrenali (zile za juu ya figo zinazotengeneza steroidi ya mwili wenyewe). Hata kama dawa inavunjwa kwenye ini, kidogo inapita, na mtoto ambaye tayari ana steroidi ya pumu na ya pua anajumlisha zote. Tezi zikizoea kuletewa zinapunguza kazi yake. Uchovu usioelezeka au kuzimia wakati wa homa msiuchukulie poa, na dawa msiikatishe kienyeji.

---

Jirani_Mwema

Kwani lazima steroidi? Nasikia kuna watu waliacha maziwa na ngano wakapona.

---

Nesi_wa_Kamera

Wapo mkuu. Lishe ya kuondoa vyakula ni tiba kamili, si mbadala wa mitaani: maziwa, ngano, mayai, soya, karanga na jamii zake, samaki na jamii zake. Siku hizi wengi huanza na maziwa peke yake. Ila kila chakula unachorudisha kinadai endoskopi nyingine. Kuna pia sindano ya dupilumabi, Marekani waliiidhinisha 2022. Hizo zote zinastahili uzi wake, tusimtoe mwenzetu kwenye reli.

---

Bado_Natafuna

Mimi nilishawahi kuwa ndani ya jaribio la namna hii, wacha nikupe ambayo hayapo kwenye fomu.

Kwanza kabla ya kuanza kulikuwa na kipindi cha kusafisha, hakuna dawa, unajaza shajara tu. Hicho ndicho kibaya kuliko vyote. Ukisahau kujaza siku kadhaa wanakutoa, na nilimwona mtu katolewa hivyo hivyo huku akiwa mgonjwa kweli. Weka kengele ya simu.

Pili, usijisumbue kubahatisha umepewa nini. Mimi nilijiaminisha niko kwenye plasebo kwa sababu kidonge hakikuwa na ladha niliyoitarajia, na nikawa naudhika na kila mtu kliniki. Nikapata fangasi mdomoni, utando mweupe unaochoma, ndipo nikaanza kushuku kwamba nimepewa dawa yenyewe. Wakanipa ya kuua fangasi nikaendelea. Baada ya kidonge na nusu saa yake kupita, sukutua mdomo uteme, inasaidia.

Tatu, na hili bado linaniuma. Nilipona vizuri, nikala nyama mbele za watu bila kuhesabu milango ya choo. Jaribio likaisha, dawa ikaisha siku hiyo hiyo. Hakuna aliyekuwa ameniambia baada ya hapo itakuwaje, na kliniki ile ilikuwa haijibu simu tena. Hali ilirudi taratibu mpaka nikajikuta tena naloweka mkate. Nimekuja kurudishwa kwenye dawa baadaye sana na daktari mwingine.

---

Mzee_wa_Takwimu

Bado_Natafuna umegusa penyewe. Kile kidonge kilijaribiwa pia kwa wiki 48, watu 204 ambao tayari walikuwa wameshapata nafuu. Walioendelea na dawa, takribani robo tatu walibaki salama, na dozi ya nusu miligramu mara mbili kwa siku ilifanya karibu sawa na ya miligramu moja. Waliobadilishiwa plasebo bila kujua, waliobaki salama ni asilimia 4.4. Ugonjwa haujaondoka, umezuiwa tu. Sasa linganisha na kibali cha wiki 12 cha Marekani kwa ile ya maji. Kwa maoni yangu jaribio lolote la ugonjwa wa kudumu lisilosema mgonjwa atapata nini baada ya wiki ya mwisho limemdhulumu mshiriki, hata kama sayansi yake ni safi.

---

Kiraka

Sawa, nimelegeza. Ila mkuu usisaini mpaka wakujibu hilo la baada ya jaribio. Na kama ukizidiwa katikati? Nyama ikikwama usiku wa manane wakati uko kwenye plasebo, ubaki unasubiri wiki ziishe?

---

Nesi_wa_Kamera

Hilo hapana Kiraka. Mshiriki ana haki ya kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na matibabu yake ya kawaida hayaguswi. Tonge likikwama huwezi hata kumeza mate, unakwenda dharura palepale, jaribio au si jaribio. Usingoje asubuhi, na usijisukumie na maji ukiona mate yanarudi. Dharura wapatie namba iliyo kwenye kadi ya mshiriki. Ikibidi kweli kujua ulichopewa, ile siri hufunguliwa kwa ajili yako peke yako.

Mla_Polepole, ukienda kwao uliza uwiano wa makundi. Mara nyingi si nusu kwa nusu, lile jaribio la watu 88 lilikuwa 59 kwa 29. Uliza kama wa plasebo watapewa dawa halisi baadaye. Na uliza kipenyo cha umio wako kilisomekaje kwenye endoskopi, maana majaribio mengi huwaacha nje waliobana sana, na kama wewe umekaribia hapo basi kutanuliwa kutangulie.

---

Mla_Polepole

Nimerudi kwao leo na maswali yenu, nilisoma kutoka kwenye simu bila aibu. Ni wawili kwa mmoja, wawili wanapewa dawa. Mwisho wa awamu ya kwanza kila ambaye hajapona anahamishiwa dawa halisi kwa hiari yake, na wameniandikia kwa kalamu pembeni ya fomu. Baada ya hapo daktari wangu ndiye atakayeendelea nami, na ameniambia waziwazi kwamba kidonge chenyewe hakiwezi kuniahidi, ila uji au pampu ya kumeza anaweza kunianzishia. Umio wangu una pete (mikunjo ya mviringo ukutani) lakini kamera ilipita bila kusukumwa.

Nimesaini. Kipindi cha shajara kinaanza Jumatatu. Bado_Natafuna, kengele nimeshaweka.

---

Nesi_wa_Kamera

Kila la heri. Swali moja tu: una pumu, au dawa yoyote ya pua ya kupulizia? Ni steroidi pia, na wanatakiwa waijue kabla ya Jumatatu. Kawaida hawakuzuii, wanataka dozi isibadilike mpaka mwisho.

---

Mla_Polepole

Ya pua ninayo, natumia msimu wa vumbi. Sikuwaambia kwa sababu hawakuuliza. Nawapigia asubuhi.